Wanafunzi huhimizwa kutia bidii, lakini ni nani huwafunza jinsi ya kusoma?

KILA matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa nchini Kenya, sababu mbili hutolewa kuhusu waliofaulu na walioanguka. Ya kwanza ni kwamba aliyefaulu alijaliwa akili na aliyeanguka hakujaliwa. Ya pili ni kwamba aliyefaulu alitia bidii na aliyeanguka alizembea.

Sababu hizo mbili zimeishi pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba wazazi na walimu wengi hawatambui kuwa zinakinzana. Mtoto yule yule huambiwa leo kwamba kichwa chake ni kigumu, kisha kesho akakaripiwa kwamba angepita vyema lau angejitahidi.

Swali la tatu huulizwa kwa nadra sana. Je, mwanafunzi huyo amewahi kuonyeshwa jinsi ya kusoma?

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi wakati huu. Mwishoni mwa mwaka wa 2025, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi (CBC) walifanya mtihani wa KJSEA walipokamilisha Gredi ya 9. Januari 2026 wakaanza masomo ya Gredi ya 10 katika Sekondari Pevu, ambako kila mmoja hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo.

Katika kuwapanga wanafunzi hao, mtihani wa KJSEA ulipewa uzito wa asilimia 60, tathmini zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, asilimia 20. Maana yake ni kwamba alama alizopata mtoto akiwa na umri wa miaka 12 hivi huchangia kuamua masomo atakayoyafuata akiwa na miaka 15 na kuendelea.

Iwapo alama hizo zitachukuliwa kuwa kipimo cha akili ya kuzaliwa, mtoto atakuwa amehukumiwa mapema na mlango kufungwa. Iwapo zitachukuliwa kuwa kipimo cha alichofunzwa, alivyofunzwa na mazingira aliyofunziwa, basi shule itakuwa na wajibu wa kufanya jambo.

Historia ya karibuni ya mitihani ya Kenya inatoa onyo kuhusu suala hili. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata gredi ya A. Mwaka uliofuata, idadi hiyo iliporomoka hadi 141 pekee.

Hakuna anayeweza kudai kwamba akili za vijana wa Kenya zilipungua kiasi hicho katika muda wa miezi 12. Wala haiwezekani kwamba taifa zima lilikumbwa na uvivu kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni usimamizi. Waziri wa Elimu wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, na mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC), Profesa George Magoha, walikuwa wameanzisha vita vikali dhidi ya udanganyifu.

Idadi ya gredi za A imepanda tena tangu wakati huo, na katika KCSE ya 2024 ilifika 1,693. Kanuni za kukokotoa gredi ya jumla nazo zilibadilishwa mwaka wa 2023. Alama, kwa hivyo, hubeba mambo mengi yasiyo akili ya mtahiniwa: usimamizi, kanuni, walimu, vitabu, karo na hata chakula cha mchana.

Dhana kwamba akili ni kitu kimoja kinachoweza kupimwa kwa nambari ilipata nguvu nchini Ufaransa zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka wa 1905, mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga jaribio la kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada katika shule za Paris.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Binet mwenyewe hakuamini kuwa akili ni kiasi kisichobadilika. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1909, miaka miwili kabla ya kifo chake, aliwapinga waziwazi waliodai hivyo, na akapendekeza mazoezi ya kuimarisha umakinifu, kumbukumbu na uamuzi wa watoto waliobaki nyuma. Kwake, jaribio lilikuwa mwanzo wa msaada.

Jaribio lake lilipovuka bahari hadi Marekani, ambako Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alilichapisha kwa sura mpya mwaka wa 1916, lilianza kutumiwa kuwaainisha watu kana kwamba nambari hiyo ni alama ya kuzaliwa. Fikra hiyo ndiyo iliyosambaa kote ulimwenguni, na bado inasikika katika ofisi za walimu.

Ushahidi mmoja mzito dhidi ya fikra hiyo ulipatikana Kenya. Katika eneo la Embu, watafiti waliwapima watoto waliokuwa ndio kwanza wameanza shule ya msingi mwaka wa 1984, kisha wakawapima watoto wengine wa umri huo mwaka wa 1998. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2003.

Katika jaribio la kutambua mpangilio wa michoro, ambalo kwa kawaida huaminiwa kupima akili ya asili, watoto wa 1998 waliwashinda kwa mbali wale wa 1984. Damu ya watu wa Embu haikuwa imebadilika katika miaka 14. Watafiti walitaja mambo kama vile wazazi kujua kusoma na kuandika, ukubwa wa familia, na lishe na afya ya watoto kuwa miongoni mwa yaliyochangia.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2001, ulifanywa miongoni mwa watoto wa jamii ya Waluo katika sehemu za mashambani karibu na Kisumu. Watafiti, akiwemo mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg, waliwauliza watoto kuhusu dawa za mitishamba ambazo watu wa hapo hutumia kutibu maradhi, kisha wakawapa pia majaribio ya kitaaluma.

Ilibainika kwamba waliojua zaidi kuhusu mitishamba walielekea kupata alama za chini katika baadhi ya majaribio ya aina ya shule. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamehifadhi majina ya mimea, matumizi yake na maradhi yanayotibiwa. Walichokosa ni muda na mwongozo katika aina ya maarifa ambayo shule huyatuza.

Jamii hiyo yenyewe haina neno moja tu la kueleza mtu mwenye akili. Kuna rieko, paro, luoro na winjo, maneno yanayogusa maarifa, uwezo wa kuwaza na kuanzisha jambo, heshima, na uelewa wa mambo. Waswahili nao walisema kitambo kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudai kwamba watoto wote huzaliwa sawa kwa kila hali. Tafiti nyingi za pacha zimeonyesha kuwa urithi una mchango katika tofauti za uwezo wa watu. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki anajua kwamba wapo wanaoshika jambo mara moja na wapo wanaohitaji kurudiwa mara tano.

Lakini urithi haufanyi kazi peke yake. Utafiti wa Eric Turkheimer na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka wa 2003, ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa familia maskini, tofauti za alama zilitokana zaidi na mazingira ya nyumbani kuliko urithi, ilhali hali ilikuwa kinyume katika familia zenye uwezo. Tafiti za baadaye katika mataifa ya Ulaya hazikupata tofauti hiyo, jambo linaloashiria kwamba pengo kati ya tajiri na maskini huenda lisiwe na athari sawa katika kila nchi.

Mkulima anaielewa hoja hiyo bila kuhitaji mtafiti. Ukipanda mbegu bora na mbegu hafifu katika shamba kavu lisilo na mbolea, zote zitadumaa, na hutajua ipi ilikuwa bora.

Suala la bidii nalo linahitaji kutazamwa upya. Shule nyingi za mabweni nchini huamini kwamba mwanafunzi mwenye bidii ni yule anayeonekana na kitabu kwa saa nyingi zaidi. Wanafunzi huamshwa kabla ya mapambazuko kwenda prepu na kurejea madarasani usiku. Wapo wanaotumbukiza miguu katika karai la maji baridi ili usingizi usiwapate.

Hiyo ni bidii, na hakuna anayeweza kuwanyima sifa. Tatizo ni kwamba bidii hiyo mara nyingi huelekezwa katika kusoma noti zile zile tena na tena, kuzipigia mistari kwa kalamu ya rangi, na kuzinakili upya. Hizo ni mbinu ambazo sayansi ya kujifunza imezipata kuwa dhaifu.

Mwaka wa 2013, kundi la wanasaikolojia likiongozwa na John Dunlosky lilichapisha tathmini ya mbinu 10 za kusoma zinazotumiwa na wanafunzi. Kusoma tena, kupiga mistari na kufupisha noti ziliwekwa katika kundi la manufaa haba. Mbili pekee zilitajwa kuwa na manufaa makubwa: kujipima mwenyewe, na kusambaza masomo katika siku nyingi badala ya kuyarundika katika usiku mmoja.

Jaribio moja linaeleza sababu. Mwaka wa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha likajaribu mara tatu kuandika lililokumbuka bila kukitazama.

Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 ya yaliyomo, na wale wengine asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 pekee, nao waliojipima walikumbuka asilimia 61.

Matokeo hayo yanaeleza masikitiko ya wanafunzi wengi. Anayerudia noti usiku wa kuamkia mtihani huhisi kwamba ameelewa, kwa kuwa maneno yamekuwa mazoefu machoni pake. Akifika katika chumba cha mtihani wiki moja baadaye, anapata kwamba yametoweka. Kwa kuwa anajua alikesha, anafikia uamuzi mmoja tu: kwamba hana akili.

Huo ndio uharibifu mkubwa. Mwanafunzi aliyezembea anaweza kujiambia kwamba atabadilika muhula ujao. Aliyejitahidi kwa mbinu mbaya akaanguka hana pa kukimbilia, kwa sababu alikwisha kutoa alichoambiwa atoe.

Kuna wanaoweza kusema kwamba wanafunzi wa Kenya hupimwa kupita kiasi, hivyo hawahitaji majaribio zaidi. Ni kweli kwamba shule hufanya mitihani ya kufungua muhula, ya katikati, ya kufunga na ile ya pamoja ya majaribio. Hata hivyo, mingi ya mitihani hiyo hutumiwa kuwapanga wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Karatasi hurejeshwa ikiwa na alama nyekundu na nafasi ya mwanafunzi darasani, kisha somo jipya linaanza. Makosa yaliyofanywa hayarejelewi. Kujipima kunakozungumziwa na watafiti ni tofauti: ni maswali mafupi yasiyo na aibu wala nafasi, yanayofuatwa na masahihisho papo hapo, na kurudiwa baada ya siku kadhaa.

Ni vyema pia kutahadhari dhidi ya suluhu nyepesi. Mtaalamu wa Marekani Carol Dweck alipata umaarufu kwa kuonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1998 pamoja na Claudia Mueller, kwamba watoto wanaosifiwa kwa akili zao huvunjika moyo upesi wanapokabiliwa na maswali magumu kuliko wanaosifiwa kwa juhudi zao.

Kutokana na kazi hiyo, shule katika mataifa mengi zilianza kuwahubiria wanafunzi kwamba akili hukua. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa mahubiri hayo peke yake yana athari ndogo. Utafiti mkubwa uliohusisha wanafunzi wapatao 12,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulipata kwamba waliokuwa na alama za chini waliimarika, lakini kwa kiasi kidogo tu.

Kumwambia mtoto kwamba anaweza ni jambo jema. Kumwonyesha hatua za kufuata ndiko kunakobeba mzigo, na hapo ndipo ufunzaji unapoingia.

Tafiti zilizofanywa magharibi mwa Kenya zinathibitisha hilo. Katika miaka ya tisini, shule kadhaa za maeneo ya Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada bila malipo. Ilitarajiwa kwamba alama za wote zingepanda. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2009, walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasani. Wengi wa waliosalia hawakuweza kuvisoma vitabu hivyo, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wao ni ya tatu.

Mwaka wa 2005, jaribio jingine lilifanywa katika shule 121 za msingi za eneo hilo la magharibi, ambapo darasa la kwanza liliongezewa mwalimu na kugawanywa mara mbili. Katika baadhi ya shule, watoto waligawanywa kulingana na kiwango chao cha masomo. Katika nyingine walichanganywa. Baada ya miezi 18, shule zilizowagawa kwa kiwango zilifanya vyema zaidi, na hata watoto wa kundi la chini waliimarika.

Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walieleza kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kimoja aliweza kuanzia pale walipokuwa. Watoto hao waliendelea kuwa katika shule moja wakifuata mtaala mmoja. Waliotenganishwa walipewa ufunzaji unaowafaa, nao wakapanda.

Hilo ndilo funzo kwa mfumo mpya wa mikondo. Kumweka mwanafunzi katika kundi kunaweza kumsaidia iwapo kundi hilo litakuwa mwanzo wa kumfikia alipo. Kutamdhuru iwapo kundi litageuzwa kuwa jina lake, na mikondo isiyo ya STEM ikachukuliwa kuwa jaa la waliokosa akili. Kipaji cha muziki, riadha au historia kinahitaji akili na mbinu sawa na fizikia.

Serikali yenyewe imeandika jawabu katika stakabadhi zake. Mwongozo wa mtaala uliotolewa mwaka wa 2017 unataja umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata, na mmojawapo ni uwezo wa kujifunza namna ya kujifunza. Lengo hilo haliwezi kutimia kwa kuandikwa tu. Haliwezi kutimia pia katika darasa lenye wanafunzi 70 na mwalimu mmoja ambaye hakupata mafunzo kuhusu namna kumbukumbu inavyofanya kazi.

Mfano wa kile kinachowezekana upo. Mpango wa Tusome, uliozinduliwa katika shule za msingi za umma mwaka wa 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake cha Kiswahili na Kiingereza, ukampa mwalimu mwongozo wa kila kipindi, na maafisa wa elimu wakatembelea madarasa kumshauri. Uwezo wa watoto kusoma uliimarika katika taifa zima. Watoto walikuwa ni wale wale. Kilichobadilika ni ufunzaji.

Mambo yanayohitajika katika madarasa ya juu si ya gharama kubwa. Mwalimu anaweza kutenga dakika 10 za mwisho wa kipindi ili vitabu vifungwe na kila mwanafunzi aandike alichoelewa. Anaweza kuanza kipindi kwa maswali matatu kuhusu somo la wiki iliyopita. Anaweza kuwafunza wanafunzi kupanga ratiba inayorudia mada baada ya siku mbili, kisha wiki, kisha mwezi. Shule nazo zinaweza kuwaacha wanafunzi walale, kwa kuwa ubongo uliochoka hauhifadhi.

Vyuo vya walimu vina jukumu la kufunza mambo haya waziwazi. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na Wizara ya Elimu zina jukumu la kuhakikisha kwamba mwalimu ana muda wa kusahihisha na kurejelea makosa, badala ya kukimbizana na silabasi.

Wazazi wenye mifuko mizito tayari wanajua siri hii. Huwalipa walimu wa ziada wanaoketi na mtoto, wakamwonyesha hatua kwa hatua pale alipokosea. Mtoto wa mkulima mdogo na wa mama mboga hubaki na wosia mmoja tu: tia bidii. Anautii, anakesha, anaanguka, kisha anaambiwa kwamba hana kichwa cha masomo.

Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka wa 2027, na kuanzia hapo taifa litabaki na mtaala mmoja. Mtaala huo utakuwa umeleta mabadiliko ya kweli iwapo mwalimu, kabla ya kusema kwamba mwanafunzi fulani hana akili, atalazimika kwanza kujibu swali moja: alimfunza kusoma kwa njia gani?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini anayemtuma mtoto mvunguni gizani ana wajibu wa kumpa taa.